Agizo fupi, refu, mfano au mahojiano: uchague lipi unapoipa akili mnemba kazi

Tazama maagizo haya mawili, yote ya kazi moja.

La kwanza: "Niandikie tangazo la mchele."

La pili: "Niandikie tangazo la WhatsApp lisilozidi maneno 40. Ninauza mchele wa Kyela kwa kilo na kwa gunia, duka liko Mwanjelwa, Mbeya. Wateja wangu ni mama ntilie na wenye migahawa, na wanachoogopa ni mchele uliochanganywa na wenye mawe. Usitaje bei, nataka wapige simu. Usianze kwa swali."

Jibu la agizo la kwanza, yeyote aliyewahi kuigusa ChatGPT au Gemini analijua kabla halijaja. "Je, unatafuta mchele bora wenye ladha ya kipekee?", kisha vinyota na kipicha cha bakuli la wali, kisha "Wasiliana nasi leo!" Tangazo hilo unaweza kulibandika Mombasa, Mwanza au Lubumbashi bila kubadilisha hata neno. La pili linakuja na Kyela ndani yake, na mama ntilie, na mawe. Mashine imekurudishia ulichoipa, ila kimepangwa vizuri.

Nina steshenari hapa Mbeya. Tunachapa barua, CV, mihtasari ya vikao, maandiko ya mikopo na mitihani ya kufunga muhula. Siku hizi wateja wengi wanafika na jibu la akili mnemba tayari kwenye simu, wanataka tulisafishe tu na kulitoa kwenye karatasi. Ukiyasoma majibu hayo utajua mara moja mwenye simu aliagizaje. Hakuna namna moja ya kuagiza inayofaa kila kazi, na kila namna ina gharama yake. Ninapolazimika kuchagua, najiuliza swali moja: katika kazi hii, ni kipi ninachokijua mimi ambacho mashine haiwezi kukijua?

Fupi na refu

Agizo fupi limepewa jina baya kuliko linavyostahili. Kufupisha barua ya kurasa mbili, kusahihisha tahajia, kutafsiri ujumbe wa mnunuzi wa parachichi aliyeandika kwa Kiingereza: katika kazi kama hizi, maandishi unayoyabandika ndiyo maelezo yenyewe. Ukisema "Fupisha iwe aya moja, usiondoe tarehe" umemaliza. Ukiongeza aya nzima ya maelezo juu yake, unakula muda na bando bure.

Ufupi unaharibu pale unapotaka kitu kipya kitoke. Mifumo hii inatabiri neno linalofuata kutokana na maandishi mengi mno iliyofunzwa, na ikikosa maelezo yako inaegemea kile kilichoandikwa mara nyingi zaidi. Kilichoandikwa mara nyingi zaidi hakikuandikwa Mbeya. Iulize tu "Nipande mahindi lini Tanzania?" na usishangae ikikuletea masika na vuli, kwa sababu hiyo ndiyo kalenda ya kaskazini, ya pwani ya kaskazini na ya sehemu kubwa ya Kenya. Huku Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja mrefu, unaoanza Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mkulima wa Mbozi akiifuata ratiba ya vuli ataipeleka mbegu kwenye vumbi. Sentensi moja inaondoa tatizo lote: "Niko Mbozi, mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Mei."

Refu nalo lina mtego wake. Mtu akishaonja faida ya maelezo, anaanza kuandika agizo la kurasa mbili lenye masharti ishirini, halafu analalamika kwamba sharti la tisa halikufuatwa. Watafiti walioipima mifumo hii mwaka 2023 walikuta kwamba habari iliyo katikati ya maandishi marefu inatumika vibaya kuliko iliyo mwanzoni au mwishoni. Mifumo iliyokuja baadaye imepunguza udhaifu huo, ila mimi bado napanga vilevile: kazi yenyewe juu kabisa, maelezo katikati, na lile sharti ambalo likivunjwa kazi yote ni bure nalifanya mstari wa mwisho.

Masharti ya "usifanye" yawe machache pia. "Usitumie lugha ngumu" haiambii mashine iandike vipi. "Andika kama unamweleza mwanakikundi aliyeishia darasa la saba" inaiambia.

Kueleza au kuonyesha

Hapa ndipo naona watu wakihangaika zaidi bila sababu.

Chukua katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa kule Mbozi anayetaka muhtasari wa kikao cha bodi. Anajua muhtasari unavyokaa: mahudhurio, waliotoa udhuru, kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa, mengineyo, kufunga. Anajua kila agenda ina namba yake na kila uamuzi unaandikwa "Kikao kiliazimia kwamba…". Akianza kuyaeleza hayo kwa maneno, agizo litafika nusu ukurasa na bado mashine itamletea vichwa vya kampuni ya Ulaya, kama "Hatua za Utekelezaji" na "Wadau Wakuu", na mezani kwa afisa ushirika karatasi hiyo itaonekana ngeni kabisa.

Njia ya pili ni kuchukua muhtasari mmoja wa zamani uliopitishwa bila marekebisho, kuubandika, na kusema: "Huu ndio mtindo wetu. Andika muhtasari wa kikao kipya kwa mtindo huu huu, ukitumia vidokezo vifuatavyo." Kwa fundi cherehani tunafanya hivyo kila siku: huanzi kumweleza upana wa bega, unampelekea shati linalokukaa. Waundaji wa mifumo hii nao wanajua. Andiko la OpenAI, waliounda ChatGPT, la mwaka 2020 lililoutambulisha mfumo wa GPT-3 lilijengwa juu ya hoja hiyo, kwamba mfumo mkubwa ukionyeshwa mifano michache ndani ya agizo unaweza kuifanya kazi bila kufunzwa upya.

Kwa mambo ya umbo na mtindo, mfano unayashinda maelezo karibu kila mara. Barua ya kuomba kazi, ujumbe wa kuwaita wanachama mkutanoni, maswali ya umbo la NECTA, Baraza la Mitihani, maelezo mafupi ya mizigo ya mbao za Mafinga kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, vyote ni hivyo hivyo.

Ila mfano unavuja. Kama muhtasari wa zamani ulisema wajumbe 17 walihudhuria, hiyo 17 inaweza kujitokeza kwenye muhtasari mpya, hasa pale vidokezo vyako vilipoacha pengo. Mashine haivumilii pengo, italijaza. Na atakayegundua ni mzee mmoja mwenye kumbukumbu kali, mbele ya mkutano mkuu, si ofisini mkiwa wawili. Kwa hiyo kabla ya kubandika mfano, futa tarakimu zote na majina yote. Weka mistari mitupu, andika "Mjumbe A", "Mjumbe B", na ufunge agizo kwa sentensi hii: "Jambo lisilokuwemo kwenye vidokezo andika HALIPO, usilijaze." Sentensi hiyo fupi naiona ina kazi kubwa kuliko zote katika maagizo ya ofisini.

Kufuta majina kuna faida ya pili. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Orodha ya wanachama yenye namba za simu na kiasi cha mkopo cha kila mmoja haifai kubandikwa kwenye programu ya bure ambayo kompyuta zake ziko ng'ambo. Mwalimu mwenye alama za wanafunzi naye alifikirie hilo, na muuguzi zaidi.

Mifano iwe mingapi? Kwa umbo la karatasi, mmoja unatosha. Ukitaka mashine ishike mwenendo badala ya kunakili, toa miwili au mitatu inayotofautiana. Mwalimu wa Jiografia akiipa swali moja tu la mfano, kuhusu Ruaha Mkuu, maswali kumi yatakayofuata yote yatalowa maji ya mito. Aipe moja la mito, moja la kusoma ramani, moja la idadi ya watu, ndipo itaelewa kwamba kinachoigwa ni namna ya kuuliza na mada iko huru.

Agizo moja au mahojiano

Kikundi cha vijana Njombe kinataka kulima parachichi kwa mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani unaogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanaandika: "Tuandikie andiko la mradi wa kilimo cha parachichi Njombe."

Linatoka andiko la kupendeza lenye dira, dhamira, na jedwali la mapato ambalo tarakimu zake hazina mwenyewe. Shida ni kwamba kikundi cha kata ya jirani kiliandika agizo lilelile. Afisa maendeleo ya jamii anayapokea maandiko hayo kama mapacha, na akimuuliza mwenyekiti "hii gharama ya umwagiliaji mmeipataje?" mwenyekiti anamtazama mweka hazina.

Sasa agizo la mahojiano: "Kikundi chetu kinataka kuandika andiko la mradi wa parachichi kwa ajili ya mkopo wa halmashauri. Usiandike bado. Niulize maswali, moja baada ya jingine, mpaka upate picha kamili ya kikundi, ardhi, maji, miche, soko, gharama na marejesho. Nikijibu kwa kubahatisha, niambie."

Mambo yanageuka. Mashine inaanza kuuliza kama shamba ni la kikundi au la kukodi, kama miche ni ya aina ya Hass iliyobebeshwa au ni ya kuotesha kokwa, maji ya kiangazi yanatoka wapi. Mkiwa na bahati itawauliza lile swali zito: mche uliobebeshwa unachukua miaka kama mitatu kuanza kuzaa, sasa marejesho yatalipwa na nini katikati hapo? Isipouliza, iambieni iulize. Swali hilo mtakutana nalo kwenye kamati, afadhali mkutane nalo kwanza mkiwa kijiweni na muda wa kufikiri. Pengine andiko litabadilika kabisa na kuwa la viazi vya muda mfupi vikiwa katikati ya miche, na marejesho yatoke huko.

Mahojiano yana gharama. Yanakula muda, na mazungumzo yakirefuka mashine inaanza kusahau mlichoanza nacho, au inachanganya jibu la mwanzo na lile mlilolisahihisha. Mimi nafanya hivi: maswali yakiisha naiambia "Orodhesha yote niliyokuambia, bila kuongeza lolote", nasahihisha orodha, kisha nafungua mazungumzo mapya, nabandika orodha ile safi na ndipo naagiza andiko. Inaonekana ni kazi mara mbili, lakini andiko linatoka bila makapi ya mazungumzo.

Kuna ugonjwa mwingine wa mahojiano ambao watu hawauoni kwa sababu ni mtamu. Mifumo hii inapenda kukubaliana na anayeuliza. Sema "Parachichi lina soko kubwa siku hizi, sivyo?" na utasifiwa kwa kuona mbali. Uliza bila kuonyesha unapoegemea. Andiko likikamilika, ligeuze upande wa pili: "Jiweke upande wa kamati ya mikopo. Toa sababu tano za kulikataa andiko hili, na kwa kila sababu nukuu sentensi yenye tatizo." Nikilazimishwa kubaki na agizo moja tu katika yote niliyoyaandika hapa, nitabaki na hilo.

Kwa hiyo kazi uliyoizoea, ambayo unajua kabisa kinachotakiwa, iagize kwa mara moja na umalize. Mahojiano yaachie kazi ambayo hata wewe hujui vizuri unaulizwa nini.

Kuiuliza au kuilisha

Viwavijeshi vamizi wameingia kwenye mahindi. Mkulima mmoja anauliza: "Nipulizie dawa gani na kipimo gani?" Mwingine anapiga picha lebo ya dawa aliyoinunua na kuandika: "Nisomee lebo hii. Nataka kipimo kwa bomba la lita 16, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na vifaa vya kujikinga. Tumia lebo hii tu. Kama lebo haisemi, niambie haisemi."

Tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti ya fupi na refu. Wa kwanza anaitaka mashine ikumbuke, na inapokumbuka inaweza kutaja dawa isiyouzwa nchini, isiyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, au kipimo cha zao jingine, kwa sauti ileile ya kujiamini inayotumia kusema kwamba Dodoma ni makao makuu. Wa pili anaitaka isome, ibadilishe vipimo na ieleze, kazi ambazo inaziweza. Hata hivyo, asimalize hapo. Picha yenye ukungu inaweza kuifanya mililita 15 isomeke 75, kwa hiyo jibu lilinganishwe na lebo yenyewe kwa macho kabla bomba halijajazwa. Afisa ugani bado ana kazi yake.

Walimu wana sababu yao ya kuilisha. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024, na sehemu kubwa ya maandishi yaliyoifunza mifumo hii ni ya kabla ya hapo. Ukiomba andalio la somo bila kubandika ukurasa wa muhtasari mpya wa somo, kuna uwezekano mkubwa wa kuletewa umbo la zamani likiwa na jina jipya. Piga picha ukurasa husika, ubandike, sema "tumia huu tu".

Bei ya leo ya gunia la viazi usiiulize. Piga simu sokoni.

Kiswahili au Kiingereza

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na jibu langu huwaudhi pande zote mbili.

Ni kweli kwamba mifumo hii imesoma Kiingereza kingi mno kuliko Kiswahili. Inakata maneno vipandevipande kabla ya kuyashughulikia, na neno letu moja kama "hawakutuambia" linakatwa vipande vingi kuliko neno la kawaida la Kiingereza. Matokeo yake, agizo la Kiswahili linafikia kikomo cha matumizi ya bure mapema zaidi, na katika mambo ya kiufundi, mfano fomula ya Excel au kurekebisha programu, jibu la Kiingereza mara nyingi linakuwa kamili zaidi. Mwalimu wa sekondari anayefundisha Fizikia kwa Kiingereza hana sababu ya kuagiza maswali kwa Kiswahili kisha ayatafsiri.

Lakini faida hiyo inapotea ukishindwa kulikagua jibu. Mtu anaandika Kiingereza cha kuungaunga, mashine inakisia alichokusudia, inajibu vizuri jambo tofauti kidogo, naye anashukuru. Chagua lugha ambayo kosa likiwemo kwenye jibu, utaliona. Kwa wateja wangu wengi hiyo ni Kiswahili, na nikitumia Kiswahili kuna mambo ambayo siachi kuyataja.

Kubwa kabisa ni heka. Huku kila mtu anasema heka akimaanisha ekari. Mashine inaweza kuielewa kuwa hekta, na hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Ukiambiwa mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya DAP kwa heka, nayo ikahesabu kwa hekta, shamba lako litapata kama kilo 20 kwa ekari. Likienda kinyume, unanunua mifuko miwili na nusu mahali pa mmoja. Andika "ekari 3, sawa na hekta 1.2" na usiache nafasi ya kukisia. Debe na gunia navyo vipe kilo zake, maana lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, haimo kwenye hesabu za mashine.

Saa ni ya pili. "Semina itaanza saa 2 asubuhi" inaweza kutoka kwenye ratiba kama 2:00 usiku wa manane. Ongeza tarakimu za saa 24, yaani "saa 2 asubuhi, 08:00".

Viazi: Njombe na Mbeya ukisema viazi umemaanisha mviringo. Iambie hivyo, vinginevyo unaweza kupewa ushauri wa kupanda marando ya viazi vitamu.

Kisha lipo suala la Kiswahili cha nani. Bila kuelekezwa, mashine inachanganya, na barua ya kwenda halmashauri inatoka na "shule ya upili", "tarakilishi" na "kaunti". Hakuna ubaya kwa Mkenya, ila mkurugenzi wa wilaya ya Rungwe atajua hukuandika wewe. Mstari huu unatosha: "Tumia Kiswahili cha Tanzania: sekondari, kompyuta, halmashauri." Na ukitaka tangazo la Kinyakyusa au la Kihehe, mwite bibi. Sijaona mfumo ambao ningethubutu kuubandikia tangazo lake ukutani.

Kuipa cheo, na kuiambia ifikiri

Haya mawili yanasifiwa sana kwenye video za mafunzo, nami nayapitia haraka.

"Wewe ni bwana shamba mwenye uzoefu wa miaka 30." Inabadilisha sauti ya jibu, na mara nyingine inasaidia kwa hilo. Haiongezi ujuzi. Ukiiita mtafiti wa TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, haipati majaribio ya Uyole kwa sababu ya jina hilo, inapata tu namna ya kuongea kama mtafiti, na hapo uongo wake unakuwa mgumu zaidi kuutambua. Mimi naona ni bora kumtaja msomaji kuliko mwandishi: "Atakayesoma ni mkulima wa chai wa Tukuyu mwenye ekari moja" inaelekeza jibu kuliko cheo chochote.

"Fikiri hatua kwa hatua" ilikuwa na nguvu sana tangu mwaka 2022, watafiti walipoonyesha kwamba mifumo inapiga hesabu vizuri zaidi ikiandika hatua zake. Tangu mwishoni mwa 2024 mifumo mingi inafanya hivyo yenyewe kimyakimya. Bado naiomba hesabu ionekane, kwa faida yangu mimi msomaji. Chukua safari ya wanafunzi 84 kwenda Isimila, Iringa, kwa kosta za abiria 28. Gawanya, unapata kosta tatu kamili, safi. Hatua zikiwa zimeandikwa unaona mara moja kwamba walimu wanne wasindikizaji hawamo, na kosta ya nne inahitajika. Jibu lililoandikwa "kosta 3" peke yake ungelipeleka kwa mhasibu.

Programu ipi?

ChatGPT, Gemini, Claude, au Meta AI iliyomo ndani ya WhatsApp: agizo zuri linafanya kazi kwenye zote, na agizo baya halikombolewi na yoyote. Kwa kazi yenye uzito, bandika agizo lilelile kwenye mbili. Majibu yakitofautiana kwenye tarakimu au jina, umepata mahali pa kukagua. Yakifanana haimaanishi ni sahihi, maana kwa sehemu kubwa zimesoma maandishi yaleyale.

Maagizo yaliyokubali usiyaache yapotee kwenye mazungumzo. Jitumie mwenyewe kwenye WhatsApp, na sehemu zinazobadilika uziachie mistari. La matangazo dukani kwangu linasomeka hivi:

"Andika tangazo la WhatsApp lisilozidi maneno ___. Bidhaa: ___. Ilikotoka: ___. Duka liko: ___. Wanunuzi ni ___, na wanachoogopa ni ___. Tumia Kiswahili cha Tanzania. Usianze kwa swali. Usiongeze sifa ambayo sikuitaja."

Mteja anajaza mistari kwa kalamu akisubiri foleni ya fotokopi, na pale penye "wanachoogopa" ndipo wengi husimama na kufikiri. Ninalo jingine la mihtasari na jingine la barua za kuomba kazi. La maandiko ya mikopo sijaliwekea mistari, kwa sababu kila kikundi kinachokuja lazima kiulizwe upya.